Mwacheni Ding Liren

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp mtu kairusha tena ile video ya Singapore, ya mchuano wa ubingwa wa dunia wa chesi kati ya bingwa Ding Liren wa China na mpinzani wake Gukesh wa India. Mnaijua. Ding anasogeza ngome yake hadi mraba wa f2, Gukesh anautazama ubao na macho yanamtoka, kisha Ding naye anaona alichokifanya na kuinamia meza. Chini yake watu wakajaza vikaragosi vya kucheka. Mmoja akaandika kwamba kosa lile hata mwanawe wa darasa la nne asingelifanya. Siku mbili sasa maneno yale yananikereketa.

Kosa lilikuwepo, tena kubwa. Ngome zililana, askofu wa Ding alikuwa amejibana kwenye kona ya a8, Gukesh akampelekea wa kwake d5, nao wakalana. Wakabaki wafalme na askari, na Gukesh alikuwa na askari mmoja zaidi, ambaye angefika mwisho wa ubao na kugeuka malkia. Basi, imekwisha.

Lakini huo ulikuwa mchezo wa 14 na wa mwisho (ushindi ni pointi moja, sare ni nusu), tarehe 12 Desemba 2024, na kabla yake kulikuwa na michezo 13 ambayo hamuirushi. Mnakumbuka Ding alifika Singapore akiwa nani? Tangu Januari hakuwa ameshinda hata mchezo mmoja wa muda mrefu. Kwenye mashindano ya Norway alimaliza wa mwisho. Mwenyewe alishasema hadharani kwamba anaugua sonona. Huyu ndiye mtu aliyewahi kucheza michezo 100 mfululizo bila kufungwa, na sasa watu walikuwa wanabashiri atamalizwa mapema hata michezo 14 isifike. Siku ya kwanza kabisa, akiwa na kete nyeusi, akamfunga Gukesh.

Kisha akafungwa wa tatu. Zikaja sare saba. Akafungwa wa 11, imebaki michezo mitatu, yuko nyuma pointi moja. Kesho yake ilikuwa tarehe 9, Sikukuu ya Uhuru, niko nyumbani, na mchezo ulianza saa sita mchana kwa saa zetu. Mke wangu alinitengea chakula kikapoa. Ding alicheza siku ile kama anamkaba mtu taratibu: hakukimbilia kete, alimnyima Gukesh nafasi ya kupumua mpaka kambi yote ikabomoka. Kwa hatua 39 tu, wakawa 6 kwa 6. Nilisimama sebuleni peke yangu nikapiga makofi. Mtu anayepigana na kichwa chake mwenyewe usiku, kisha anaamka na kucheza vile mbele ya dunia nzima, huyo mimi simcheki.

Sawa, nakubali hili: Ding aliogopa. Mara kadhaa alikuwa na nafasi nzuri akatafuta sare. Hata mchezo wa mwisho, akiwa na kete nyeupe, alitoa askari ili kete zipungue, akisubiri michezo ya haraka ya kuamua mshindi wakifungana pointi, ambako wengi waliamini yeye ndiye mwenye nguvu zaidi. Hapo alikosea kabla hata ya ile ngome.

Na wanaosema Gukesh kaokota taji wamemkosea naye pia. Kijana wa miaka 18 alikataa sare katika nafasi ambayo karibu kila mtu angekubali, akaendelea kuuliza maswali saa baada ya saa. Kosa la Ding lilitokana na maswali hayo. Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia wa zamani, aliandika kwamba huo ni mwisho wa chesi kama tunavyoijua. Sikubaliani naye hata chembe.

Baada ya kufungwa, Ding alikwenda mbele ya waandishi wa habari akasema anadhani hayo yalikuwa mashindano yake bora mwaka ule, na kwamba hajutii. Gukesh alilia mezani, akazipanga kete upya mahali pake, kisha akamwita Ding bingwa wa kweli. Nimeliomba kundi liifute ile video na kuweka mchezo wa 12. Mpaka sasa watatu wamejibu, na mmoja wao ni yule aliyemtaja mwanawe wa darasa la nne, ameomba kiungo.