Kabla ya Dydrypsh, hodi hupigwa Achandara

Wageni wanaofika Abkhazia, eneo la pwani ya Bahari Nyeusi lililojitenga na Georgia, huuliza njia ya kupanda mlima Dydrypsh. Wangeuliza kwanza nani atawapokea Achandara, kijiji kilicho chini yake.

Mahali patakatifu pa Waabkhazi huitwa anykha. Zilizo kuu huhesabiwa saba, na kwa desturi anykha hutunzwa na ukoo wake, baba akimrithisha mwana ukuhani. Dydrypsh ni ya akina Chichba, Lykhny ni ya akina Shakryl, na Ldzaa, karibu na Pitsunda, ni ya akina Gochua. Hakuna tiketi wala saa za kufungua. Ruhusa inatoka kwa kuhani, na humfikii kuhani ila kupitia mwenyeji anayefahamika naye. Dereva wa teksi anayeahidi kukufikisha "mpaka juu" hana ruhusa ya kukupa.

Mlimani usivunje tawi, usiokote jiwe, usiguse chochote kilichoachwa pale, hata kama ni chuma kilicholiwa na kutu. Ni sadaka, na Mwabkhazi anaamini anykha humwadhibu mwizi pamoja na jamaa zake. Ndiyo maana watu wenye kesi huletwa hapo kuapa: wengi huona afadhali kukiri kuliko kula kiapo cha uongo mbele ya anykha. Usiape kwa mzaha, wala usimtanie mwenzako aape. Simu ibaki mfukoni mpaka uambiwe. Mwanamke aulize mapema, kwa sababu masharti ya usafi yapo na hayafanani kila mahali.

Siku ya dhabihu ni jambo zito zaidi. Kuhani humwomba Antsva, Mungu mmoja, akiwa ameshika kijiti kilichochomekwa moyo na ini la mnyama, na divai mkononi. Waabkhazi wengi hujiita Wakristo au Waislamu na bado wanahudhuria bila kuona mgongano. Wewe ukiuona, au nyama hiyo kwako si halali, omba siku nyingine. Kufika kisha ukasukuma sahani kando ni kuwatia aibu wenyeji.

Kwa maoni yetu, mgeni wa siku mbili hana sababu ya kwenda Dydrypsh kabisa. Aende kanisa la Lykhny la karne ya 10, au kanisa la Mtakatifu George huko Ilor, ambako Ukristo na anykha vimekaa pamoja muda mrefu. Na ajue hili: kuingia kutoka Urusi kupitia mpaka wa mto Psou ni kosa kwa sheria ya Georgia ya mwaka 2008.

Ukialikwa mezani, simama mzee anapoingia, subiri aanze. Abysta utaitambua: ni ugali wa mahindi usiotiwa chumvi, vipande vya jibini vimechomekwa ndani, na huliwa kwa vidole.