Skrubu ya Nne

Aliyeniambia kwamba kusafiri kwa tanga hakuna gharama, kwa kuwa upepo ni wa bure, alinieleza ukweli mtupu kuhusu upepo na akanificha yote yanayohusu chombo. Tulitia nanga hapa tukikusudia kulala usiku mmoja tu, nibadilishe kijipande cha mpira ndani ya pampu, kisha alfajiri tutweke tanga tuondoke. Leo ni siku ya tisa.

Kijipande chenyewe, ambacho mafundi hukiita impela, ni kigurudumu chenye mapanga ya mpira kinachoenea kiganjani, na kazi yake ni kuvuta maji ya bahari ili yaipoze injini. Kikichakaa mapanga hukatika, na vipande vilivyokatika havikai palepale kungoja kuokotwa, bali husafiri ndani ya mabomba na kwenda kuziba njia ya maji huko mbele. Changu kilikuwa na mapanga sita, nami nilikuta mawili tu yameshikilia. Ikanibidi nisake vipande vinne vya mpira mweusi ndani ya kiza, nimelala kifudifudi juu ya injini ambayo bado ina moto, tochi nimeiuma kwa meno. Mhandisi aliyeamua kuiweka pampu hiyo mahali ambapo mkono unafika lakini jicho halifiki, sijui nilimkosea nini.

Vipande vyote nilivipata, na hapo ndipo nilipofanya kosa la kufurahi. Kifuniko cha pampu hushikwa na skrubu sita. Nilipokuwa nazirudisha, tatu ziliingia kwa adabu; ya nne iliniponyoka vidoleni, ikagonga chuma mara mbili, kisha nikaisikia ikitumbukia ngamani, kule chini kabisa ya chombo ambako maji hukusanyika.

Nilipotia mkono humo nilikuta maji mengi kuliko inavyostahili, nikayaonja, maana yakiwa matamu yametoka tangini, na yakiwa ya chumvi ni bahari yenyewe imekaribia kuhamia. Yalikuwa ya chumvi. Yalikuwa yakitona pale shafti, ule mhimili unaozungusha rafadha, yaani panga la nje linalosukuma chombo, inapopenya kutoka nje. Kwa vyombo vya aina yangu tone mojamoja huvumiliwa wakati shafti inazunguka, lakini hii ilikuwa imetulia tuli, na bado haba na haba ilikuwa inajaza ngama.

Nikapiga mbizi kutazama upande wa nje. Kile kipande cha zinki kinachofungwa kwenye shafti ili kiliwe chenyewe na maji ya bahari badala ya rafadha kilikuwa kimetimiza wajibu wake hadi mwisho, kimebaki kijiduara chembamba kilichokatika mikononi mwangu nilipokigusa. Nilipoibuka, mke wangu alinikumbusha kwamba Robin Knox-Johnston, aliyeizunguka dunia peke yake kwa siku 312 kati ya mwaka 1968 na 1969 bila kutua bandarini, aliziba mshono uliokuwa ukivuja kwa kuzamia chini ya mashua yake huko huko baharini. Nilimjibu kwamba bwana yule alifanikiwa kwa sababu alikuwa peke yake.

Fundi wa ufukweni alifika siku ya nne. Alichungulia, akavuta pumzi ndefu, akauliza ni nani aliyeifunga shafti namna ile. Nilisema simjui, ingawa namwona kila asubuhi ninaponyoa ndevu. Alikaza palipolegea, akafunga zinki mpya, akaahidi kurudi kesho yake kuthibitisha kazi, na hiyo kesho haijafika.

Imebaki skrubu. Sumaku haikunifaa kitu, kwani skrubu za baharini aghalabu ni za shaba au za chuma kisichoshika kutu, na hizo hazivutwi kirahisi. Jana nilikausha ngama yote kwa sponji, nikaipapasa shubiri kwa shubiri mpaka magoti yakakataa kunyooka. Nimepata skrubu tatu, nzuri kabisa, kila moja na urefu wake, na hakuna hata moja inayoingia kwenye tundu la pampu. Mke wangu ameziweka kwenye kikombe juu ya meza, na tangu jana tunazitazama bila kusemezana, kila mmoja akijaribu kukisia ni kitu gani humu ndani kinachosafiri bila hizo.