Kabla ya kusifu mradi wa ajira, muulize kibarua amelipwa lini

Kila serikali inapotangaza fungu la kuzalisha ajira kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini, mimi husubiri jambo moja ambalo hotuba hazilitaji: katika kila mia inayotoka hazina, ni ngapi itafika kwa anayeshika sepetu?

Niliwahi kuwa kibarua kwenye mradi wa namna hiyo, tukichimba mtaro wa maji ya mvua. Wiki tatu tulizama kwenye tope hadi magotini. Siku ya malipo ilipofika, msimamizi akafunua daftari, akalifunga, akasema fedha hazijatoka. Zilitoka baada ya miezi miwili. Mwenzangu tuliyepokezana naye toroli alikuwa ameshakopa ili nyumbani kwake wale, na mkopeshaji alimsubiri pale pale kwenye foleni. Aliondoka mikono mitupu. Mtaro upo, unapitisha maji, na sina shaka kwenye ripoti mradi ule ulifanikiwa.

Tangu hapo nasoma masharti ya mradi kabla ya kutazama ukubwa wa fungu. Sheria ya ajira vijijini iliyopitishwa India mwaka 2005 iliahidi kila kaya ya kijijini siku 100 za kazi za mikono kwa mwaka. Ahadi ni nzuri, ila uzito ulikuwa kwenye vifungu vyake: ujira ulipwe ndani ya siku 15, gharama za vifaa zisizidi asilimia 40, wakandarasi wasiingie. Hata huko malipo yalichelewa, tena mara nyingi. Lakini aliyecheleweshewa alikuwa na sheria ya kusimamia, na fidia ya kudai. Sisi tulikuwa na maneno ya msimamizi tu.

Marekani nako, kuanzia mwaka 1933, vijana wasio na kazi walipelekwa kambini kupanda miti kwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwa familia zao. Kifungu hicho nakipenda sana. Aliyekiandika alijua kijana akipata kibarua, nyumba nzima inapumua.

Wapo wanaosema kazi za fedha za umma ni za kubuni, chimba leo ufukie kesho. Zikiwa hivyo zifutwe. Lakini nionyesheni mtaa maskini uliokosa kazi ya kufanya! Mitaro imeziba, wagonjwa wamelala ndani bila wa kuwahudumia, madarasa yanavuja. Anayekosekana ni wa kulipa.

Na alipe hadharani. Mwaka 1994, wanavijiji wa Rajasthan, India, walianza kukusanyika kusomewa kwa sauti karatasi za mahudhurio za miradi yao. Yakatajwa majina ya watu waliokwisha kufa. Walio hai nao wakasimama kusema hawakukanyaga kwenye kazi ile, wala hawakupokea senti. Ukaguzi wa wananchi wa aina hiyo ukaja kuandikwa ndani ya sheria ile ya 2005.

Daftari la mtaro wetu sikuwahi kuliona ndani. La mradi ujao nataka lisomwe siku ya malipo, vibarua wote wakiwapo, kuanzia jina la kwanza.