Jiwe Ni Bure, Maegesho Ndiyo Pesa

Mama Zuhura ameamua kiangazi hiki hatuendi Tanga. Tunakwenda Norwei. Sababu? Kaona picha ya jiwe.

Jiwe lenyewe linaitwa Preikestolen. Limekaa mita 604 juu ya maji ya Lysefjord, fjord maana yake mkono wa bahari ulioingia kati ya milima, huko kusini-magharibi, juu bapa, pembeni hakuna uzio, hakuna kamba, hakuna chochote. Watu wazima na akili zao wanapanda mlima kwa muda wa saa mbili, wakifika wanakaa ukingoni miguu inaning'inia, wanachekea simu. Mie hapa Hamburg, Ujerumani, nikipanda kiti kubadilisha balbu, mwanamke huyu huyu anapiga kelele, "Baba Zuhura, shuka, utaniachia watoto!" Leo ndiye anayetaka tukakae kule juu kifamilia.

Nikauliza kiingilio. "Bure," kanijibu, tena kwa madaha. Nikaona hapa pana jambo, nikaingia mtandaoni mwenyewe. Ni kweli, jiwe ni bure. Kuegesha gari chini ya mlima ndiyo zaidi ya kroner 200, pesa ya huko.

Hapo nikawaelewa hawa mabwana. Mlima bure, maporomoko bure, fjord zote zile zilizochongwa na barafu unazitazama bure mpaka macho yachoke. Lakini gari lako lilale wapi wakati unatazama? Lipia. Barabara uliyojia? Kuna kamera, zinapiga picha namba ya gari na bili inakufuata mpaka nyumbani. Umesikia njaa? Haya sasa. Yaani uzuri wa Mungu hawautozi, wanatoza wewe kuwa hai karibu nao.

Basi tukakaa mezani na kikokotoo. Euro moja ni kroner 11 na ushee, kwa hiyo kila bei lazima kwanza ugawanye, ndipo ushtuke. Samaki na chipsi pale soko la samaki la Bergen inapita kroner 250. Samaki jamani! Nchi inayovua samaki aina ya cod mpaka inawakausha kwa upepo, na vichwa vyao inawauzia Wanigeria! Mie mtoto wa Tanga nikatoe euro ishirini na kitu kwa kipande cha samaki ambaye hata pilipili hajawahi kuisikia? Na Bergen yenyewe mvua inanyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Utalipa pesa yote hiyo ule chipsi za mchuzi.

Halafu kuna treni ya Flåm. Hii, mie dereva wa basi, imeniuma kipekee. Inatoka stesheni ya Myrdal, mita 866 juu, inateremka mpaka usawa wa bahari. Kilomita 20, inachukua karibu saa nzima. Saa nzima kwa kilomita 20! Mie nikiendesha hivyo hapa mjini, kabla sijafika mwisho wa njia barua ya onyo inanisubiri. Wao wanauza tiketi, na nilipoiona bei nikadhani ni ya familia. Kumbe ya kichwa kimoja, tena kwenda tu.

Na njiani, treni inasimama kwenye maporomoko ya Kjosfossen. Abiria wote wanashuka. Muziki unaanza, mara anatokea mwanamke wa nguo nyekundu, nywele ndefu, anacheza kwenye mawe pembeni ya maji. Ni mchezo wa kiangazi, wanasema anaigiza kiumbe wa hadithi zao, anayewavuta wanaume mlimani. Watalii wanapiga makofi. Sasa niambieni, treni ya reli ya kati isimame porini, kwenye maji, atokee mwanamke wa nguo nyekundu anawaita abiria. Nani atabaki kupiga makofi? Watu watakimbia kwa kutokea madirishani, na dereva ndiye atakuwa wa kwanza. Sisi jini tunamtolea ubani aondoke, wenzetu wamempa ajira.

Shemeji yangu wa Bremen naye, ambaye hakuna aliyemwalika, kapiga simu. "Shemeji, msiishie kusini, twendeni mpaka Tromsø kule kaskazini, kuna wakati jua halizami miezi miwili!" Nikamwuliza, na Maghribi tunasali saa ngapi? Kimya. Nimeuliza msikitini, nikaambiwa wako wanaofuata saa za Makka. Sawa, swala imepata jawabu. Watoto je? Zuhura hapa kwenye giza totoro halali mpaka agombezwe. Huko nitamwambiaje "nenda kalale, usiku umeingia"? Usiku gani?

Nikaleta hoja ya hema. Wenyewe wana sheria ya mwaka 1957, mtu yeyote anaweza kupiga hema porini bila kumlipa mtu, mradi awe mita 150 kutoka nyumba ya watu. Hii ndiyo sheria nzuri kuliko zote nilizosoma. Mama Zuhura akanitazama kwa muda. "Nimeacha nyumba ya mabati kwa mama yangu," akasema, "nije Ulaya kulala kwenye turubai?" Hoja ikafa.

Tukakubaliana angalau chakula tubebe chetu. Mchele, unga, viungo, nyama. Kilo 10 za nyama kwa mtu wanaruhusu ukitoka nchi za Ulaya. Nikasema basi na gunia la viazi. Weee! Viazi marufuku. Forodha yao inamruhusu mtu matunda na mboga, ila kiazi hakivuki mpaka, wanaogopa magonjwa ya mashambani. Shemeji kusikia hivyo akasema yeye bila viazi hashibi. Nikamwambia basi baki Bremen, viazi vimejaa. Kakata simu, dakika mbili baadaye kanitumia saizi yake ya viatu vya kupandia mlima.

Kilichobaki ni meli ya Kiel kwenda Oslo, inayolala njiani usiku kucha. Chumba chenye dirisha bei yake, kisicho na dirisha bei yake. Mama Zuhura, mtu anayekwenda kutazama mandhari, kachagua kisicho na dirisha, na kanitangazia mbele ya watoto kwamba ameokoa pesa. Pesa hiyo ameshaifanyia kazi. Kanunua koti la mvua. La kwake.