Ya Umma au ya Mtu? Vituo Vipya vya Anga Vikitazamwa Kutoka Kibirizi

Jioni za kiangazi pale Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, wavuvi wa dagaa wakiwa wanapakia taa na nyavu, kuna dakika chache ambapo jua limeshazama nyuma ya milima ya Kongo lakini juu kabisa bado kuna mwanga. Mara moja moja ndipo inapopita nukta nyeupe. Haimetimeti kama nyota wala haina taa za kuwakawaka kama ndege ya abiria. Inakata anga kimya kimya, kisha inafifia kana kwamba mtu kazima swichi. Wavuvi wanaijua. Mvuvi wa dagaa anaishi kwa kuusoma mwezi, maana ukiwa mpevu taa yake haina kazi, kwa hiyo si rahisi kitu kigeni kipite juu ya ziwa asikione.

"Mwalimu, ile meli yenu imepita," mzee mmoja aliniambia, akicheka, kwa sababu ni mimi niliyewahi kumwambia kwamba mle ndani mna watu. Nikamweleza kwamba ile ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, na si ya nchi moja. Wamarekani, Warusi, Wajapani, Wakanada na nchi za Ulaya wameiunga kipande kwa kipande tangu Novemba 1998, na tangu Novemba 2000 haijakaa hata siku moja bila mtu. Nikaongeza kwamba sasa imechakaa, na mpango ni kuishusha baharini mwanzoni mwa miaka ya 2030. Akamaliza kufunga fundo lake, kisha akauliza: "Na itakayokuja, ni ya umma au ya mtu?"

Huku kwetu swali hilo si la kinadharia. Chombo cha ziwani ama ni cha umma ama ni cha mtu, na abiria anaijua tofauti kwa mwili wake: nauli, ratiba, idadi ya maboya, na zaidi ya yote, kama kitasimama kijijini kwenu hata pale anayeshuka ni bibi mmoja na kuku wake wawili.

Jibu fupi ni kwamba itakuwa ya mtu. NASA, shirika la anga la Marekani, haitaki kujenga kituo kingine cha aina ile. Inataka kuwa mpangaji kwenye nyumba za wengine. Mwaka 2020 iliipa kampuni ya Axiom Space mkataba wa dola milioni 140 ili ianze kwa kuunganisha vyumba vyake kwenye kituo kilichopo. Desemba 2021 ikagawa dola milioni 415.6 kwa makundi matatu, mojawapo likiongozwa na Blue Origin ya Jeff Bezos. Kampuni ya Vast nayo, kwa fedha za tajiri wa sarafu za kidijitali Jed McCaleb, inatengeneza Haven-1, kituo cha chumba kimoja cha kukaa watu wanne kwa majuma machache, ambacho tarehe ya kurushwa kwake imekwisha kusogezwa kutoka 2025. Na Juni 2024, kampuni ya SpaceX ilipewa kazi ya hadi dola milioni 843 ya kutengeneza chombo kitakachokisukuma kituo cha zamani, chenye uzito wa tani zaidi ya 400, kikaanguke Pasifiki ya Kusini, upande ule ule kilikozamishwa Mir, kituo cha zamani cha Warusi, Machi 2001. Hata mazishi yamepata mkandarasi.

Wanaounga mkono njia hii wana hoja nzito. Kituo cha Kimataifa kimegharimu zaidi ya dola bilioni 100 kukijenga, na Marekani peke yake inatumia karibu dola bilioni 3 kila mwaka kukiendesha na kukihudumia. Fedha hizo ndizo NASA inazozitaka kwa safari za Mwezini. Tena kampuni binafsi zimeshaonyesha kwamba zinaweza kushusha bei. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kupeleka kilo moja kwenye mzingo wa dunia kwa vyombo vya zamani vya Marekani, vile vilivyotua kama ndege, kuligharimu karibu dola 54,500. Kwa roketi ya Falcon 9 ya SpaceX, ambayo sehemu yake ya chini hurudi kutua na kutumika tena, ni kama dola 2,700. Mfanyabiashara yeyote wa mawese anayelipia usafirishaji hadi Dar es Salaam anajua maana ya nauli kushuka mara ishirini.

Kuna pia faida ya kuwa na zaidi ya chombo kimoja. Juni 2024 wanaanga Butch Wilmore na Suni Williams walipanda chombo kipya cha Boeing kwa safari ya kama siku nane. Chombo kikapata hitilafu, kikarudishwa kitupu, na wao wakarejea Machi 2025 ndani ya chombo cha SpaceX, baada ya miezi tisa. Kungekuwa na mwenye chombo mmoja tu upande wa Marekani, wangebaki kuwaombea Warusi nafasi.

Hoja nyingine huwa haisemwi wazi. Zamani tiketi ya kwenda angani ilikuwa urafiki wa kisiasa. Mpoland alipanda mwaka 1978, Mhungaria 1980, Mhindi 1984, wote kwa vyombo vya Kisovieti, wote kwa sababu Moscow ilitaka hivyo. Ikapita miongo minne. Juni 2025 Mhindi, Mpoland na Mhungaria wakapanda pamoja katika safari ya nne ya Axiom, serikali zao zikiwa zimelipia viti. Saudi Arabia na Uturuki walishatangulia kwa njia hiyo hiyo. Kulipa kuna heshima yake: mwenye fedha hapigi magoti kwa mwenye kambi. Afrika tuna mfano wetu, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyejilipia takriban dola milioni 20 mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya Mmarekani Dennis Tito kufungua njia hiyo kwa bei kama hiyo. Watu husema utalii wa anga umeanza juzi na mabilionea wa mitandaoni. Una zaidi ya miaka ishirini, na aliyeuza tiketi ya kwanza ya kwenda kituoni alikuwa Mrusi mwenye njaa ya fedha.

Ila bei haijashuka kwa abiria kama ilivyoshuka kwa mzigo. Kiti katika safari ya kwanza ya Axiom, Aprili 2022, kiliripotiwa kuwa dola milioni 55, zaidi ya shilingi bilioni 130 za kwetu. Kwa hiyo tukiuliza nani wa huku amewahi kunufaika na kituo, tusitazame viti. Tutazame mzigo.

Mei 2018 satelaiti ya kwanza ya Kenya, kijisanduku cha sentimita kumi kila upande kilichotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, ilisukumwa nje kupitia Kibo, maabara ya Japani iliyomo katika Kituo cha Kimataifa. Nafasi ile ilitolewa bure, kwa mpango wa Japani na Umoja wa Mataifa kwa nchi ambazo hazina roketi. Mauritius ilipita mlango huo 2021. Ghana na Nigeria zilipitia Kibo 2017, Rwanda 2019, Uganda na Zimbabwe 2022, nyingi kwa msaada wa vyuo vikuu vya Japani vilivyowafundisha vijana kukunja mabati na kuandika programu kwa mikono yao. Hizi ni satelaiti ndogo, nyingine ziliishi muda mfupi, na sitaki kuzikuza kuliko zilivyo. Lakini kwa mhandisi kijana wa Kampala au Kigali, ile ndiyo ilikuwa gati. Kituo kikishushwa, gati hiyo inazama nacho.

Hapo ndipo upande wa pili unaponijibu, na jibu lao si la kupuuzwa. Aprili 2023 Kenya hiyo hiyo ilirusha satelaiti ya pili, Taifa-1, kubwa na yenye kazi zaidi, ikipiga picha za mashamba na misitu. Safari hii hakukuwa na hisani. Walilipia nafasi kwenye Falcon 9 iliyobeba mizigo ya watu wengi, kama unavyoweka gunia lako kwenye lori la jirani, na mradi mzima uliripotiwa kugharimu takriban shilingi milioni 50 za Kenya. Bila kampuni binafsi, bei hiyo isingekuwepo. Basi Kenya ilijifunza kwenye gati la umma, ikasafiri kwa lori la mtu. Anayetaka kunishawishi kwamba hatua ya pili ingewezekana bila ya kwanza ana kazi.

Kigoma tuna picha ya jambo hili, imesimama majini. Meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa reli na kuunganishwa hapa hapa. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Wanaostaajabia vyumba vya kituo cha anga vya kuunganishwa mbali na karakana wangekuja kuitazama. Kwa miongo mingi Liemba ilisimama mbele ya vijiji visivyo na gati kabisa. Ilipiga honi, mitumbwi ikaja ubavuni gizani, watu na magunia wakapanda na kushuka. Hakuna mwenye boti wa kawaida anayesimama hapo kwa hesabu ya faida. Ilipokaa miaka bila kufanya kazi ikisubiri ukarabati, boti za watu ziliziba pengo, na tunazishukuru, lakini ziliziba palipokuwa na mzigo.

Pengo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko utajiri wa wamiliki. Mfano huu una mwisho wake, najua. Hakuna kijiji kitakacholala njaa kwa kukosa kituo angani, na satelaiti zinazotupa hali ya hewa na simu hazikitegemei. Lakini mpango wenyewe ulidai vituo vipya viwe kazini kabla cha zamani hakijashushwa, na muda unakimbia kuliko ujenzi. Agosti 2025 NASA ililegeza sharti lake: badala ya kudai watu wakae humo wakati wote, ikasema inatosha kituo kiweze kukaa na watu wanne kwa mwezi mmoja. Wakati huo China ina kituo chake, Tiangong, kilichokamilika 2022, cha serikali, chenye watu muda wote.

Na wateja? Matajiri wa dola milioni 55 hawajazi kituo mwaka mzima. Kampuni za dawa zimefanya majaribio mazuri kule juu, kwa sababu fuwele za protini huweza kukua kwa mpangilio bora pasipo na uzito, lakini majaribio si kiwanda. Ukikokotoa kwa uaminifu, mteja mkubwa anabaki kuwa serikali ya Marekani, ambayo ndiyo iliyotoa sehemu ya mtaji. Huyu "mtu" anayesifiwa kwa ujasiri wa kibiashara amekopeshwa jembe, amelimiwa nusu ya shamba, na mnunuzi wa mavuno ni yule yule aliyemkopesha.

Usalama nitaugusa kidogo. Tangu 2004 sheria ya Marekani inaizuia mamlaka ya anga kuweka kanuni za kuwalinda abiria wa vyombo hivi, isipokuwa baada ya ajali au hatari kubwa kujitokeza. Zuio hilo limeongezwa hadi Januari 2028. Abiria husaini kwamba ameelezwa hatari, basi. Wanaolitetea wanasema kanuni za mapema zingeua tasnia ikiwa changa. Huenda. Wenye boti zisizo na maboya nao husema hivyo hivyo, na sisi tumeshazika.

Msimamo wangu si kwamba vituo hivi vizuiliwe. Vijengwe, na Axiom, Vast na Blue Origin wapate faida yao. Lakini palipoingia fedha ya umma, mkataba uandike vituo vya kusimama: nafasi kadhaa kila mwaka kwa vyuo vya nchi zisizo na roketi, kwa utaratibu kama ule wa Kibo, zihesabiwe kama sehemu ya kodi ambayo NASA, Ulaya na Japani watalipa. Mkataba wa Anga wa 1967 unasema matumizi ya anga yawe kwa manufaa ya nchi zote, bila kujali kiwango cha maendeleo yao, na kwamba serikali inawajibika kwa yale yanayofanywa na kampuni zake. Msingi upo, kinachokosekana ni mtu wa kuudai. Shirika la Anga la Afrika lilizinduliwa Cairo Aprili 2025, na sioni kazi ya haraka kwake kuliko hii. Afrika Mashariki tuna haki ya kusema. Tunguu, Zanzibar, palikuwa na kituo kilichofuatilia safari za kwanza za wanaanga wa Marekani hadi 1964, na satelaiti ya Marekani iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Tulitoa ardhi na bahari zamani.

Yule mzee nilimjibu hivi: "Ni ya mtu, mzee, ila serikali inamlipia injini."

"Basi si ya mtu," akasema, akiruka ndani ya mtumbwi. "Mshawauliza watasimama wapi?"