Kwetu tunasubiri mvua, huku wanasubiri joto

Kila mwaka Mei ikielekea ukingoni, sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukahamia huku Ulaya ya kaskazini huanza kuulizana: bado kuna muda wa kuanzisha bustani, au tuache hadi mwakani? Jibu langu ni lilelile siku zote. Muda upo, tena ndio huu hasa. Ila ukianza kwa mazoea ya nyumbani utahangaika, hata kama umezaliwa na kukulia shambani, maana unachokisubiri wewe sicho kinachosubiriwa na udongo wa huku.

Kwetu mtu hutazama mawingu. Joto lipo mwaka mzima wala halimshughulishi mtu; kinachokosekana ni maji. Masika yakikaribia, matuta yanatengenezwa, samadi inachanganywa, na mvua ya kwanza ya maana ikishuka mbegu zinafukiwa. Huku mwezi wa nne maji si tatizo. Udongo umelowa tangu majira ya baridi, ukiushika unaona unafaa kabisa, kumbe ndani ni baridi tupu. Maharage ukiyafukia kwenye udongo ulio chini ya nyuzijoto 10 hulala humo, yakavimba, yakaoza. Matango na maboga yanadai zaidi, kama 15 hivi. Nyanya nazo hudumaa usiku ukishuka chini ya 10, na usiku mmoja wa barafu unatosha kuua miche yote. Sehemu nyingi za huku huwezi kuamini kwamba barafu ya usiku imekwisha mpaka katikati au mwishoni mwa Mei.

Kwa hiyo anayeanza Juni mwanzoni hajachelewa. Maharage yaliyofukiwa wakati huo hutoka ndani ya wiki moja au siku kumi. Ukiinama asubuhi unaona udongo umepasuka nyufa nyembamba, shingo ya kijani iliyopinda inasukuma donge juu, na baada ya siku mbili majani yameshajikunjua. Ya jirani aliyewahi mwezi mzima kabla mara nyingi bado yana umanjano na yamejikunyata. Sisi tumelelewa kuikimbilia mvua, ndiyo maana subira hii hutuwia ngumu. Mtu mgeni anayeniuliza aanzie wapi humwambia anunue kipimajoto cha udongo kabla hajanunua mbegu.

Halafu kuna mwanga. Kwetu urefu wa mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, na tofauti ya Juni na Desemba ni ndogo. Huku, kwenye latitudo ya nyuzi 52 kaskazini, mchana wa tarehe 21 Juni unapita saa 16 na nusu, na ule wa mwishoni mwa Desemba haufiki hata saa 8. Mimi hurudi kutoka kazini, nikala, nikapumzika, na bado nina mwanga wa kupalilia na kumwagilia, kwa sababu jua linazama baada ya saa tatu na nusu usiku. Nyumbani mwajiriwa huingia mlangoni giza limeshatanda, bustani ikabaki kuwa kazi ya Jumamosi au ya mtu mwingine. Katika hili huku kumetuzidi, nami nalisema bila kinyongo.

Mimea nayo inazihesabu saa hizo. Mwaka 1920 Garner na Allard, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walichapisha kazi yao kuhusu tumbaku iliyoitwa Maryland Mammoth, iliyokuwa ikirefuka tu majira ya joto bila kuchanua. Walionyesha kuwa urefu wa mchana na usiku ndio unaoiamuru itoe maua. Jambo hilo linamgusa kila mhamiaji anayetamani kupanda mbegu za kwao. Chukua kitunguu. Aina tulizozizoea, kama Red Creole na Bombay Red, huanza kujenga kichwa mchana ukiwa wa saa 11 au 12. Zipande huku mwezi wa tano, mchana ukiwa umeshapita saa 15, na mche utaanza kutunga kichwa ukiwa bado mdogo, una majani machache tu. Utavuna vitunguu kama gololi. Vitunguu vya huku navyo vinahitaji mchana wa saa 14 au zaidi, saa ambazo kwetu hazifiki mwezi wowote. Kwa hiyo kabla hujamtumia mama pakiti ya mbegu za kitunguu kwa sababu ina picha nzuri, soma imeandikwa ni ya mchana mrefu au mfupi. Ya mchana mrefu atailea, ataipalilia, ataiwekea mbolea, na itampa majani tu.

Spinachi halisi, saladi na giligilani ni vivyo hivyo. Siku zikirefuka na joto likipanda, hukimbilia kuchanua na majani yakawa machungu. Juni ninazipanda kidogo kidogo, upande wenye kivuli cha mchana, na spinachi ninaiacha mpaka Agosti.

Nikitaja kivuli, hapa ndipo mazoea ya nyumbani yanapogeuka kabisa. Kwetu jua hupita karibu na utosi. Nusu ya mwaka limeelemea kaskazini, nusu nyingine kusini, na kila upande wa nyumba hupata zamu yake. Tatizo letu ni jua kuwa kali, ndiyo maana kitalu hujengewa kichanja cha nyasi. Huku mchana jua liko kusini mwaka mzima, hata Juni. Sehemu iliyo kaskazini mwa nyumba, mgongoni mwa ukuta, hubaki baridi na hafifu, na nyanya ukiziweka hapo zitarefuka, zitapauka, na hazitakupa kitu cha maana. Nyanya, pilipili na maboga yanataka jua la moja kwa moja walau saa sita kwa siku. Kabla ya kushika jembe, kaa siku moja ya mapumziko utazame kivuli cha nyumba, cha uzio na cha miti kinavyosogea. Ukuta unaotazama kusini ni mali: hunywa joto mchana na kulirudisha usiku, na mche wa pilipili uliosimama mbele yake unakuwa kama umehamia nchi nyingine.

Sasa, nini kipandwe? Nyanya na pilipili, Juni, nunua miche iliyokwisha kua. Ukianza na mbegu wakati huu, baridi itakukuta matunda yakiwa mabichi. Miche iliyotoka ndani ya nyumba izoeshwe hewa ya nje wiki moja, mchana tu kwanza, kabla ya kuhamishiwa ardhini. Maharage mafupi yatafukiwa moja kwa moja na kuvunwa kama siku 50 hadi 60 baadaye, figili hata kabla ya mwezi kuisha. Karoti na bitiruti bado zina muda wa kutosha. Kwa maua, zinia, kosmosi na alizeti zinaota kwa mbegu bila usumbufu, na kabla ya Agosti kuisha umezungukwa na rangi. Nayatetea sana maua haya. Wapo ndugu zangu wanaoona ni kupoteza ardhi, kana kwamba bustani isiyoliwa yote haina faida. Maboga hayazai bila nyuki, na nyuki huja kwa sababu ya maua. Hata kama wasingekuja, mtu aliye mbali na kwao anahitaji kitu cha kutazama akitoka kazini.

Tena baadhi ya maua wanayojivunia huku ni ya kwetu. Impatiens walleriana, lile ua la rangi ya waridi, nyeupe au nyekundu linalojazwa kwenye vyungu na kando ya njia kila majira ya joto, asili yake ni misitu ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Saintpaulia, ua dogo la zambarau la kwenye madirisha, lilitoka milima ya Usambara. Walter von Saint Paul, ofisa wa utawala wa Wajerumani, ndiye aliyelipeleka Ulaya miaka ya 1890. Impatiens kwetu huishi miaka. Huku barafu ya kwanza ya vuli huilaza chini asubuhi moja, majani yote yamekuwa kama yamechemshwa, na watu wanaizoa na kununua nyingine mwakani.

Hilo ndilo linaloniuma nikilinganisha. Pilipili ambayo huku ni ya msimu mmoja, kwetu ni kichaka kinachozaa miaka kadhaa. Sukuma wiki huku ikipitishiwa baridi kali, majira ya kuchipua yakifika inatoa maua ya manjano na kufa. Kwetu kwenye joto haipati baridi ya kuiambia ichanue, kwa hiyo unachuma majani ya chini, shina linapanda, unachuma tena, mpaka linakuwa refu kuliko mtoto. Hakuna mtu wa huku mwenye bahati hiyo, hata awe na kitalu nyumba cha kioo. Na bado bustani nyingi ninazozijua nyumbani hufa mvua zikikatika.

Wadudu na magonjwa sitawachagulia mshindi. Huku adui ni konokono asiye na gamba, anayekuja usiku wa manyunyu na kumaliza safu nzima ya miche ya saladi. Dawa ni kutoka na tochi kumwokota. Kwetu kuna kantangaze, nondo mdogo aliyetokea Amerika Kusini, ambaye viwavi wake huchimba majani ya nyanya na kuingia kwenye tunda. Bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha nyanya na viazi, iko pande zote mbili, ndiyo hiyohiyo iliyoteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na kinga yake ya kwanza ni moja popote ulipo: mwagilia udongo, usiloweshe majani, na nyanya zipe nafasi hewa ipite.

Kuhusu mbegu, nasema kwa uzito. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, mbegu za kupanda zinazoingia Umoja wa Ulaya kutoka nje zinatakiwa ziwe na cheti cha afya ya mimea. Usifiche mchicha kwenye sanduku la nguo. Sheria hii naiunga mkono, kwa sababu kantangaze alisambaa duniani kwa kubebwa na watu na mazao yao. Mbegu za mchicha siku hizi zinauzwa hukuhuku, na Juni mwishoni, udongo ukishika joto, unaota vizuri sana.

Wewe uliyeko nyumbani, Juni hii inakuhusu pia. Masika yamekwisha, watu wameweka majembe chini, na kipupwe kimeingia. Kwa bustani ndogo ya nyumbani huu ni wakati mzuri kuliko wakati wa mvua kubwa: magonjwa ya ukungu yamepungua, jua si kali, kabichi na vitunguu vinapenda ubaridi huu. Kinachohitajika ni maji, na si mengi kama tunavyodhani. Maji ya kimo cha milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tuta la mita moja kwa tatu likipewa lita tano kwa kila mita ya mraba kwa siku linataka lita 15, yaani ndoo moja isiyojaa, na sehemu yake inaweza kuwa maji uliyosuuzia mboga.

Maji hayo yasipotee. Weka matandazo ya nyasi kavu au majani makavu, unene wa vidole vitatu hivi, yasiguse shina. Kwetu joto linayaozesha haraka, udongo unayala na kubaki mtupu, kwa hiyo yaongezwe kila baada ya wiki chache, na mboji vilevile. Huku baridi hupunguza kuoza, na mboji niliyoweka vuli bado ninaikuta ardhini majira ya kuchipua yakija. Nyumbani lazima udongo ulishwe mara kwa mara. Anza na tuta hilo moja, karibu na mlango wa jikoni ili ulione kila siku: sukuma wiki nusu, mchicha nusu, na pembeni safu ya zinia. Sisi wa huku tutakuwa tunafukia maharage yetu ya mwisho wiki ya kwanza ya Julai, kwa sababu yakipita hapo baridi itayakuta hayajakomaa.