Kikoba kimegeuka jukwaa la siasa

Jamani, kundi letu la kikoba hapa Nkuhungu lilikuwa la marejesho na michango ya misiba. Siku hizi kukicha tu mtu katupia sauti isiyo na mwenyewe, eti "imetoka kwa mtu wa ndani kabisa." Ndani ya wapi? Ukiuliza chanzo, unaambiwa umetumwa na chama fulani!

Tangu 2020 WhatsApp inaruhusu ujumbe uliosambaa mno kupelekwa sehemu moja tu kwa mara moja. Wenzetu wana subira ya wachuma zabibu: wanatuma kimoja kimoja mpaka Dodoma nzima ipate. Juu wanaandika "kama nilivyopokea", wakidhani hiyo ni kinga dhidi ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Sasa mwenyekiti na mweka hazina hawasalimiani kisa video ya nchi nyingine. Marejesho? Hakuna anayeyataja.